Gumba moja, kioo cha inchi sita na nusu

Wababa na wamama, yaya zetu na wadogo zetu wa Lubumbashi, karibuni kwenye somo la kutumia simu kubwa kwa mkono mmoja. Tuanze kwa kazi ya mikono. Kila mmoja atoe simu, azime kioo, akipanguse kwa nguo kavu. Kisha apake gumba mafuta kidogo, yale yale ya kujipaka mikono asubuhi. Shikeni simu kwa mkono mmoja, namna mnavyoishika ndani ya taxi-bus ya kwenda komini ya Kenya hapa mjini, mkono wa pili ukiwa umekamata chuma. Bila kusogeza kiganja, zungusheni gumba juu ya kioo kutoka chini hadi pale linapokomea. Sasa inamisheni simu kwenye mwanga.

Mmeuona upinde wa mafuta. Ndani ya upinde huo gumba linatembea bila shida. Nje yake kila unachokigusa kina bei yake: unalegeza mkono na simu inaanguka, unanyoosha mshipa hadi unauma, au unagusa kando ya kile ulichokusudia. Gumba halitarefuka. Kwa hiyo kazi ya leo ni kushusha vitu viingie ndani ya upinde, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haidai hata falanga moja. Imo tayari ndani ya simu, kwenye menyu ambazo wengi hawazifungui.

Shida yenyewe imekuja polepole. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, upana wa milimita 61 na uzito wa gramu 135. Gumba la mtu mzima lilifika karibu kila pembe. Mwaka 2011 Samsung walitoa Galaxy Note ya inchi 5.3, na mwaka 2014 Apple nao wakafika inchi 5.5 kwa iPhone 6 Plus. Galaxy S24 Ultra ya mwaka 2024 ina inchi 6.8, upana wa milimita 79, na inapita gramu 230. Simu za bei nafuu zilizojaa madukani mwetu nazo zimezoea inchi 6.5 na kupanda. Mkono unaozishika ni ule ule wa 2007.

Mnaponunua, msiulize inchi peke yake. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo simu ndefu na nyembamba inaweza kuwa na inchi sawa na simu fupi na pana. Kinacholemea gumba zaidi ni upana. Nenda dukani na rula. Kwa maoni yetu, simu yenye upana chini ya milimita 72 inatumika kwa mkono mmoja bila mateso. Ikipita 76, ujue utahitaji marekebisho yote tutakayoyasema hapa. Na upime ikiwa ndani ya kava, maana kava nene linaongeza milimita kadhaa.

Tuje kwenye namna ya kushika, kwa sababu hapa ndipo simu nyingi zinapovunjikia. Uzito wa simu umekaa katikati yake. Simu yenye urefu wa milimita 165, kati yake iko kama milimita 82 kutoka chini. Lakini wengi tunaishika chini kabisa, kwa kuwa kibodi iko huko. Hapo sehemu ya juu inakuwa nzito kuliko ile iliyo mkononi. Gumba likipanda kutafuta kitu juu, vidole vya nyuma vinafunguka, na simu inaponyoka. Ili kuizuia, mtu anaweka kidole cha mwisho chini ya simu kama kigingi, na gramu mia mbili zinakaa juu ya kifundo cha kidole kilicho dhaifu kuliko vyote, saa nzima kila jioni. Ukiona alama imebonyea pale, au kidole kinakufa ganzi, sababu ni hiyo.

Panda juu kidogo. Kidole cha shahada kiegemee mgongo wa simu chini ya kamera, vidole viwili vya kati vishike ubavu, na kidole cha mwisho kikae ubavuni pamoja na wenzake. Kava liwe na ubavu wa kukwaruza, lisiwe la kung'aa, kwa sababu utahitaji kuitembeza simu ndani ya mkono bila kuiachia.

Lililo bora zaidi ni mkanda wa mgongoni, na mtu anaweza kuutengeneza mwenyewe. Chukua kava laini la silikoni. Gumu halifai, litapasuka. Kwa fundi wa nguo nunua lastiki bapa ya upana wa sentimita 2.5 na ukate sentimita 10. Mkanda utasimama kwa urefu wa simu, ili vidole vipite chini yake kwa upana. Pima kwenye mgongo wa kava: mkato wa chini uwe kama sentimita 4.5 kutoka chini ya simu, wa juu uwe sentimita 6 juu ya ule wa kwanza, na usikaribie kamera. Kabla ya kukata, toboa kwa sindano ya moto kitundu cha mviringo kwenye kila mwisho wa mkato, ndipo ukate kati ya vitundu viwili. Ukiruka hatua hiyo, silikoni itaendelea kuchanika yenyewe kutoka kwenye ncha ya mkato hadi ukingoni. Pitisha lastiki na uache sentimita 2 kila upande ndani ya kava. Ncha hizo zishone juu ya kipande cha plastiki nyembamba ya chupa, kirefu kuliko mkato, ili zisivutike nje. Usifunge fundo. Fundo linasukuma mgongo wa simu, na mgongo wa kioo unaweza kupasuka ukikaliwa. Mkanda ubane vidole viwili bila kuvikaba. Ukimaliza, itingishe simu juu ya godoro kabla ya kuiamini barabarani.

Pete za kubandika nazo zinasaidia, lakini hazishiki kwenye silikoni, na kwenye plastiki ya vumbivumbi zinang'oka. Pangusa mahali hapo kwa alkoholi, acha pakauke, bandika kidogo chini ya katikati, kisha usiitumie hadi kesho. Wengi wanaitundika simu saa ile ile, halafu wanailaumu gundi.

Sasa tuingie ndani ya simu. Simu nyingi za hapa zimewekwa katika Kifaransa, kwa hiyo tutayataja maneno kama mnavyoyaona kwenye kioo. Fungua mipangilio, gusa kisanduku cha kutafuta, andika maneno mawili: une main. Kama simu yako ina hali ya mkono mmoja, mara nyingi itatokea hapo. Kwenye Samsung iko ndani ya Fonctions avancées. Kwenye Android isiyobadilishwa sana, kuanzia toleo la 12 la mwaka 2021, iko Système, kisha Gestes. Kwenye iPhone jina ni lingine: Réglages, Accessibilité, Toucher, kisha Accès facile.

Kuna aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Aina ya kwanza inashusha kioo chote: sehemu ya juu inateremka hadi kati, herufi zinabaki na ukubwa wake, na sehemu ya chini inazama kwa muda. Ndiyo ya iPhone na ya Android ya kawaida. Aina ya pili, ya Samsung na wengine, inafinya kioo kizima na kukisogeza pembeni kama simu ndogo ndani ya simu kubwa. Kwa mtu ambaye macho yamechoka, hii ya pili ina tatizo, kwa sababu herufi zinafinywa pamoja na kioo na vitufe vinasongamana. Mnaowawekea wazazi simu, jaribuni ya kwanza ikiwepo.

Mbona watu wanaiwasha halafu wanasema haifanyi kazi? Sababu ni chache na zinajirudia. Kwenye iPhone isiyo na kitufe cha mviringo, telezesha kidole kwenda chini juu ya ule mstari mfupi ulio ukingoni kabisa. Ukianza juu zaidi, unasogeza ukurasa tu. Kwenye iPhone yenye kitufe, gusa mara mbili bila kubonyeza. Ukibonyeza unafungua orodha ya programu. Kwenye Android ya kawaida, ishara hii inadai uwe unatumia uongozaji wa ishara, yaani kutelezesha kidole badala ya kugusa vitufe vya chini. Aliyebaki na vitufe vitatu vya chini atatelezesha hadi kesho. Kwenye Samsung yenye vitufe, chagua njia ya kugusa kitufe cha kati mara mbili. Na sababu ya mwisho ni kava. Kava lenye ukingo ulioinuka kuzunguka kioo linazuia kidole kufika pale ishara inapoanzia. Kioo cha kinga chenye gundi pembeni tu nacho kinaacha hewa chini yake, na mguso unadhoofika. Kabla ya kumpelekea fundi simu, vua kava na ujaribu tena.

Uongozaji wa ishara wenyewe ni zawadi kwa gumba. Tangu Android 10, mwaka 2019, unarudi nyuma kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia, popote kwenye urefu wa kioo. Ule mshale wa kurudi ulioko pembe ya juu kushoto, mahali pabaya kuliko pote kwa mkono wa kulia, unaweza kuusahau. Arifa pia: kwenye Samsung na simu nyingine nyingi, ndani ya mipangilio ya ukurasa wa mwanzo, kuna chaguo la kuzifungua kwa kutelezesha chini popote katika ukurasa huo. Iwashe leo.

Ukurasa wa mwanzo wenyewe tutaupita haraka. Juu weka saa na vitu vya kutazama, chini vitu vya kugusa, na mstari wa mwisho ubaki wa programu nne unazofungua kila siku. Wenye iPhone wameweza kuacha nafasi tupu juu tangu iOS 18, mwaka 2024. Kabla ya hapo alama zilijipanga kuanzia juu. Kwenye Safari, anwani ilishushwa chini mwaka 2021. Firefox ya Android inakuruhusu kuchagua iwe juu au chini.

Kibodi inahitaji muda zaidi, maana ndiko gumba linakoshinda. Hapa Kongo wengi tunatumia mpangilio wa Kifaransa, ule unaoanza na A na Z. Angalieni A ilipo: pembe ya juu kushoto ya kibodi. Na hakuna herufi ambayo Kiswahili kinaitumia kuliko A. Andika "tutaonana kesho asubuhi", kisha uhesabu. Anayeandika Kiswahili kwa gumba la kulia kwenye kioo kipana anavuka upana wote wa simu karibu kila silabi ya pili. Uchovu wake si uvivu. Herufi anayoitumia zaidi ndiyo iliyowekwa mbali naye zaidi.

Dawa ziko mbili, na zinaweza kwenda pamoja. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, bonyeza alama ya mkato na uishikilie, kisha telezesha hadi kwenye alama ya mkono mmoja. Au fungua menyu ya vijiraba vinne uitafute hapo. Kibodi itajikusanya upande mmoja, na mshale wa pembeni unaihamishia upande wa pili. Kwenye iPhone, shikilia alama ya dunia au ya uso, uchague kibodi iliyoegemea kulia au kushoto. Dawa ya pili ni Redimensionner ndani ya Gboard: inua kibodi juu kidogo, kama sentimita moja. Wengi hawalitarajii hili. Gumba linachoka likinyooka sana, na linachoka pia likikunjwa sana kufikia mstari wa chini kabisa. Kibodi iliyoinuliwa inakaa katikati ya upinde.

Maneno unayoyarudia kila siku yape kifupi kwenye kamusi binafsi ya kibodi. Herufi mbili, "nj" kwa mfano, zinaweza kutoa "niko njiani, nakuja". Na kwenye WhatsApp, ukirekodi sauti, telezesha maikrofoni kwenda juu hadi ijifunge, ndipo uachie gumba. Si lazima uikandamize dakika nzima.

Tuseme neno kwa wenzetu wa kabine, vile vibanda vya kutuma pesa, na kila anayetuma pesa kwa simu. Gumba linaponyooka kwenda mbali, nyama iliyo chini yake inalala juu ya ukingo wa kioo. Simu inaweza kuihesabu kama mguso wa pili. Pia gumba lililolala linagusa kwa ubavu wake, na mguso unaangukia kando ya pale macho yalipolenga. Hivyo ndivyo sifuri moja inavyoongezeka au namba ya jirani inavyoingia. Tumia mkono mmoja kwa kuandika ujumbe. Kwa kiasi cha pesa na kwa kitufe cha kuthibitisha, simama, weka simu juu ya meza au paja, tumia kidole cha shahada, usome namba kwa sauti. Mvua za hapa zikianza, mnajua hali: kioo cha kugusa kinahisi umeme kidogo wa mwili, na maji yanaupitisha pia, kwa hiyo tone la mvua linaweza kukichanganya. Kausha kwanza. Na waendesha pikipiki, hakuna mpangilio wowote tuliousema hapa unaofanya simu iwe halali ukiwa unaendesha. Egesha.

Wanaotumia mkono wa kushoto, yote haya ni yenu pia, ila mgeuze pande. Lililobaki gumu ni programu zinazoweka kitufe cha kutuma kulia chini. Ile hali ya Samsung ya kufinya kioo hapo inawafaa, kwa sababu inasogea kushoto.

Kuna watu ambao mkono mmoja ndio walio nao: aliyepoteza mkono kazini, aliyepooza upande mmoja, aliyezaliwa hivyo. Kwao mambo haya ni mlango wa kuwasiliana na dunia, na tunaomba mafundi walio hapa wayajue kwa moyo. Simu ilazwe juu ya kipande cha mpira wa ndani wa tairi, haitateleza mezani. Kunasa picha ya kioo au kuzima simu hudai vitufe viwili kwa pamoja. Badala yake washa menyu ya Accessibilité kwenye Android, au AssistiveTouch kwenye iPhone, na kitufe kinachoelea kitafanya kazi hiyo kwa mguso mmoja. Kiburute hadi usawa wa gumba. Kukuza ramani kwa vidole viwili si lazima: kwenye Google Maps gusa mara mbili, mguso wa pili usiuachie, kisha telezesha juu au chini. iPhone 8 na zilizofuata, kuanzia iOS 14, zinaweza kupokea amri kwa kugongwa mgongoni mara mbili au tatu, na moja ya amri hizo ni kushusha kioo. Kava nene linapunguza usikivu huo. Na alama ya kidole isajiliwe simu ikiwa mkononi kama inavyoshikwa kila siku, gumba lile lile mara mbili, kwa pembe mbili tofauti.

Wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mnaojenga programu, tuna ombi. Mwaka 2013 Steven Hoober alichapisha uchunguzi wa watu 1,333 wakitumia simu mahali pa watu. Kati ya 780 waliokuwa wakigusa kioo, asilimia 49 walitumia mkono mmoja, 36 walishika kwa mkono mmoja na kugusa kwa mwingine, 15 walitumia magumba mawili. Miongoni mwa wale wa mkono mmoja, theluthi moja walitumia gumba la kushoto. Na watu hubadili mshiko kila mara. Kwa hiyo msijenge kwa ajili ya mkono mmoja wa kulia wa kufikirika. Kitufe kisipungue dp 48 kwenye Android (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye kioo), karibu milimita 9, au pointi 44 kwenye iPhone. Cha kusoma kikae juu, cha kugusa kishuke. Lakini kitufe cha kuthibitisha pesa kisikae mahali pale pale palipokuwa na kitufe cha "endelea" cha ukurasa uliotangulia. Mtandao ukichelewa, mtu hugusa tena, na mguso wa pili unaangukia kwenye kuthibitisha kabla hajasoma jina la mpokeaji. Tenganisheni vitufe hivyo kwa upana wa gumba angalau, na kitufe kipya kisipokee mguso kwa nusu sekunde ya kwanza.

Neno la mwisho ni la mkono wenyewe. Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi, alieleza mwaka 1895 ugonjwa wa kano zinazopita kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba. Simu hazikuwa na hatia wakati ule, lakini mwendo ule ule wa gumba unaojirudia unaweza kuuchochea. Ficha gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha kifundo polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Kuvutika kidogo ni kawaida. Maumivu makali chini ya gumba ni ishara ya kupumzisha mkono huo, kuhamia mkono mwingine, na kumwona daktari yasipoisha.

Mikasi, sindano na lastiki viko mezani. Kila fundi atashika watu wanne. Mkija, leteni kava lenyewe, na simu ibaki mfukoni hadi mishono ikamilike.